Hirizi Moja, Watu Wawili

Siku mliyoniaga mlinipa koti, mkanilisha pilau, mkanisifu mpaka nikageuka kutazama nyuma yangu nimwone huyo mtu mnayemsifu. Nawashukuru. Lakini kabla sahani hazijaondolewa, Deusi wa pampu, kijana ambaye hata jina lake limejaa Mungu, akasimama mbele ya watu akaniuliza: "Mzee Nkwabi, leo unaondoka, tuambie ukweli. Miaka yote umesema huamini kitu. Hivi hutamani kuamini, hata kidogo? Maana tumekuona. Kila asubuhi kabla ya kushuka unagusa kibati mfukoni. Sisi tunajua ile ni dawa." Mkacheka wote. Mimi nikavaa koti lenu nikatoka bila kuaga, na mkasema mzee kachoka.

Sikuchoka. Nilikasirika, na mpaka leo nina hasira. Sijali kuulizwa, nimeulizwa tangu nikiwa mdogo. Ninachojali ni namna ya kuulizwa. Nani amewahi kumsimamisha katekista mbele ya pilau akamuuliza kama hatamani kuacha? Nani amemwuliza mwalimu wa madrasa kama usiku haoni wivu kwa Nkwabi anayelala mpaka asubuhi bila adhana? Hakuna. Ila mimi lazima niwe na njaa ya kitu chenu, tena ya siri, tena kwenye kibati. Basi leo najibu, na najibu kwa kalamu, kwa sababu kwa mdomo nitatukana watu. Mkitaka jibu, someni mpaka mwisho. Na humu mtakuta maneno ya nguzo mengi kuliko ya Mungu, maana nguzo ndiyo kazi niliyoifanya.

Kwetu ni Kishapu, nchi ya pamba na ng'ombe, kavu. Nilipokuwa mdogo mvua iligoma, baba mkubwa akamwaga pombe na unga kwa masamva, yaani wazee wetu waliokufa, akawaita kwa majina mmoja mmoja. Mvua ikanyesha ng'ambo ya mto, kwa watu ambao hata kusalimiana tulikuwa hatusalimiani nao. Nikauliza kama masamva wetu wamepotea njia. Nililambwa kofi ambalo sikio hili la kushoto bado linalikumbuka. Baadaye nikapelekwa kwa wamisionari. Katekista akaniambia nifumbe macho, nitamsikia Bwana moyoni. Nikafumba. Nilisikia njaa. Wenzangu pembeni walikuwa wanatokwa machozi, nami nikajitahidi, nikakaza uso kama mtu anayebeba gunia, wapi. Nilipomwambia ukweli, akasema shetani kaniziba.

Sikugombana na Mungu, kama wengi mnavyodhani. Sikuwahi kumpata nikagombana naye. Kuna watu wamezaliwa bila sikio la ngoma. Ukiwaambia wacheze, watakanyaga wenzao. Hamwapigi. Mnawaambia wakae kando washike vibuyu. Mimi nilikaa kando, lakini hamkuniacha.

Geita nilifika wakati wa vita vya Mjerumani, nikidandia malori ya pamba, nikitafuta kazi mgodini. Karani wa kuandikisha akaniuliza jina, akaandika. Kijiji, akaandika. "Dini?"

"Sina."

"Mpagani?"

"Mpagani anatambika. Mimi sitambiki."

Akaweka kalamu chini. "Sasa wewe ukifa tutakuzika upande gani?" Pale kambini makaburi yalikuwa yamegawanywa, Wakristo kule, Waislamu huku, wapagani kwenye kichuguu.

"Ndani ya ardhi," nikasema.

Hakucheka. Alinifukuza nikafikirie dini. Nikaenda kula, nikarudi, nikamwambia nimefikiri na bado sina. Aliandika kitu alichokijua mwenyewe, akanipungia mkono nipite. Mpaka leo sijui kwenye karatasi zao mimi ni nani.

Asubuhi iliyofuata ndipo nilipoiona desturi ya shimo letu. Ninyi vijana mmeikuta imefifia, lakini zamani hizo haikuwa mchezo. Watu wakishajaa kwenye kizimba cha kushukia, kabla ya kengele, aliyesimama mlangoni aliita, "Tuko?" Kila mtu akagusa chake, huyu rozari, huyu hirizi, huyu kipande cha ngozi mkononi, akajibu, "Niko na wangu." Wangu, yaani mlinzi wangu, uwe unamwita Yesu, uwe unamwita babu yako. Hakuna aliyemwuliza mwenzake wake ni nani. Mkatoliki alishuka bega kwa bega na Mwislamu, na Mzinza mwenye pembe ya dawa shingoni, wote salama salimini. Ilikuwa desturi nzuri, sikatai. Ila ilifika kwangu, nikanyamaza.

"Wewe mgeni, jibu," akasema Bulugu, Mzinza, jitu la miraba minne.

"Nijibu nini? Mimi niko peke yangu."

Kisha Bulugu akatoka. Akatoka na wa pili. Wakatoka wote, nikabaki ndani peke yangu kama jogoo kwenye tenga. "Hatushuki na mtu asiye na wake," Bulugu akasema. "Mwamba ukitafuta wa kumla utamfuata huyu, nasi tumesimama pembeni yake." Fikirieni! Watu waliogawana makaburi kwa ugomvi wa dini, siku hiyo walikuwa kitu kimoja, na kilichowaunganisha ni mimi.

Hapo ndipo aliposogea mzee mmoja mfupi, kichwa cheupe kwa mvi, shoka begani, anafungua kibati cha ugoro kwa dole gumba bila kukitazama. Alikuwa Mzee Kondo, Mzaramo kutoka pwani, mkuu wa genge la nguzo. Akanusa, akapiga chafya, akaingia kizimbani akasimama ubavuni kwangu.

"Kabila gani?" akaniuliza.

"Msukuma. Shikamoo."

"Marahaba. Loh! Mtani wangu!" Akawageukia wenzake. "Huyu mla matobolwa, viazi vikavu vya kwao, yuko chini yangu. Hirizi yangu ni kubwa, inatosha wawili. Bulugu, ita."

Bulugu akasitasita, akaingia, akaita. Ilipofika zamu yangu, Mzee Kondo akagusa hirizi yake ya ngozi shingoni akajibu kwa niaba yangu: "Yuko na wangu." Tukashuka. Akajibu hivyo kila asubuhi kwa miaka, na kila tukifika chini alinikumbusha: "Unakula bure kwenye hirizi ya watu, Msukuma. Mungu wangu ananiuliza huyu mzigo ni wa nani." Nami namjibu kuwa Mungu wake ni Mzaramo, anapenda maneno kuliko kazi. Kwa wasiojua, Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya pembe. Mtani hakasirikiwi. Hata akikukuta unazika mama yako, atakufanyia vituko, nawe utatoa chochote anachodai, maana desturi imemruhusu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Nitaeleza kidogo, maana naona siku hizi mnasimamisha nguzo kama mnachomeka vijiti vya maharage. Kwanza, menya gome lote. Nguzo yenye gome hunywa maji kati ya gome na mti, inaoza nawe unaiona nzima. Pili, usiisimamishe kwenye tope. Ilazie ubao chini, iwe na kitako. Tatu, kabari za juu ziwe za mninga, uzigonge huku na huku kwa zamu, usigonge upande mmoja kama mtu mwenye hasira. Na kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajaingia, gonga kila nguzo kwa kisogo cha shoka, mkono wa pili uuweke kwenye mti. Iliyo nzima utaisikia mkononi. Iliyooza haitafika mkononi, itaishia masikioni. Mzee Kondo alikuwa akisema mti ni rafiki kuliko chuma, kwa kuwa mti hulia kabla ya kuvunjika. "Chuma kina kiburi," alisema, "kinakufa bila kuaga."

Adhuhuri alikuwa akiswali chini kule kule, juu ya ubao mmoja safi aliouficha asije mtu akaukata. Mtu akisujudu haoni dari. Kwa hiyo yeye alipokuwa anasujudu, mimi nilisimama karibu yake na karabai yangu nikalitazama dari mpaka amalize. Hatukukubaliana jambo hilo. Lilianza tu. Bulugu alitukuta hivyo siku moja akatikisa kichwa, akasema katika maisha yake hajaona msikiti wenye askari wa namna hii.

Na yeye aliniuliza swali lenu. Tofauti ni kwamba aliuliza tukiwa wawili, tunakula viazi, na aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

"Nkwabi, niambie kweli, utani kando. Hutamani? Hata kidogo?"

"Kutamani si kuamini, Mzee. Watu wa Kishapu wanatamani mvua mwaka mzima. Inanyesha?"

"Hainyeshi. Lakini mkitamani mnatazama juu."

"Tunatazama mawingu."

Akacheka mpaka akapaliwa na kiazi. Kisha akafuta macho, akasema taratibu, "Mimi nakutamania. Si kwa ajili ya moto, moto ni shauri lako. Ni kwamba nitatangulia, mimi ni mzee, na nitafika kule nitakosa wa kumtania. Wazaramo watupu, na Waarabu. Nitawaambia mlangoni, kuna Msukuma mmoja anakuja nyuma, hana barua wala hirizi, ni wangu, mpitisheni." Nikamwambia kiazi chake kinapoa.

Sasa tufike kwenye lile linalonikereketa. Msimamizi wetu wa zamu wakati huo alikuwa mzungu ambaye watu walimwita Bwana Baadaye. Hakuwa mkali, hakumpiga mtu. Ila neno la Kiswahili alilolipenda kuliko yote lilikuwa baadaye. Bwana, buti zimetoboka. Baadaye. Bwana, kamba imechakaa. Baadaye. Miti mizuri ya karibu ilikuwa imekwisha kukatwa, na malori yakawa yanaleta miti laini, na kwa haraka ya kufukuzia dhahabu tukaambiwa tuisimamishe vilevile na magome yake, kumenya kunapoteza muda. Mzee Kondo alikataa, akaamriwa. Mvua zilipoanza, maji yakashuka kwenye njia ya mashariki, na nguzo zikaanza kubadilika sauti. Hapakuwa na siri. Mzee Kondo alimwambia Bwana Baadaye, nikamwambia mimi, na Bulugu naye akamwambia. Bwana alikuja mwenyewe akabonyeza gome kwa kidole, kidole kikazama. Akakifuta kwenye suruali. "Baadaye," akasema. "Baadaye kidogo."

Asubuhi ile Mzee Kondo alitangulia kugonga, kama kawaida. Mimi nilikuwa nyuma yake na gunia la kabari. Nilisikia nguzo ya kwanza ikilia, halafu ya pili. Nilimwona akigeuka, taa yake ikanimulika usoni. Alikuwa na nafasi ya kukimbia, au ya kupiga kelele, moja kati ya hayo mawili. Alisema, "Rudi!" Nikarudi. Dari likashuka kati yetu.

Tulimtoa jioni. Tulichimba kwa mikono, mimi na Bulugu mbele, na kila tukiinua gogo lilikatika mikononi kama muhogo uliolowekwa. Nilichukua kipande kimoja nikakitia mfukoni. Nilitaka nikipeleke mezani kwa Bwana Baadaye, nimwambie abonyeze tena.

Siku ya mazishi nilifika nyumbani kwake mapema. Wanaume tumekaa nje kwenye mikeka, wanawake ndani. Nikaketi, na mkeka ukawa na nafasi pande zangu zote mbili. Nikasikia wanavyonong'ona, tena hawakunong'ona sana. "Hirizi ya mtu mmoja, inabeba wawili miaka yote hiyo." "Ingechoka tu." "Na aliyepona ni nani? Si yule yule asiye na wake?" Mpaka Bulugu, aliyechimba nami bega kwa bega, aliyeona yale magogo kwa macho yake, alikuwa anatikisa kichwa akikubali!

Jamani, nilitamani kuvunja kitu. Si kwa sababu walinisingizia, nimezoea. Ni kwa sababu ya hesabu yake. Kama Mzee Kondo ameuawa na hirizi iliyochoka, basi nguzo hazina kosa. Na kama nguzo hazina kosa, hakuna atakayezibadilisha, na baada ya matanga watu haohao waliokaa kwenye mkeka ule watashuka waguse vyao, waseme niko na wangu, waingie njia ya mashariki chini ya dari lilelile. Mwenye dini angesema ni majaliwa. Mimi naita kujichimbia kaburi.

Mjane wake, Mama Zuhura, akatokea mlangoni, kanga mbili, macho mekundu. Alikuwa amesikia. Akasema bila kupaza sauti, "Nani anasema hirizi ya mume wangu imechoka? Mume wangu aliivaa miaka yote hajaniambia imechoka. Aliyekuwa anachoka ni yeye. Anarudi hapa halali, ananiambia Mama Zuhura, magogo yameoza, magogo yameoza. Mlisikia au hamkusikia?" Akaja mpaka kwenye mkeka wangu akanipa kibati cha ugoro. "Shika, mtani wake. Mwenyewe hanusi tena." Nikakipokea kwa mikono miwili.

Makaburini walikuja wote. Bwana Baadaye alisimama upande wa juu, kofia mkononi, karani pembeni yake anamtafsiria. Alisema ofisi inasikitika sana, Kondo alikuwa mtu mwema, lakini haya ni mapenzi ya Mungu. Mwalimu wa madrasa akaitikia, kazi ya Mungu haina makosa. Katekista, aliyekuja kwa heshima ya marehemu, akainamisha kichwa, kweli kabisa. Mzee mmoja wa Kizinza akasema siku ikifika imefika. Nikawatazama. Watu ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya nyama ya sikukuu, leo wamepata neno moja, na neno lenyewe linamfutia Bwana Baadaye kidole chake.

Sikupanga nilichofanya. Nilijikuta nimeruka ndani ya kaburi.

"Hazikwi mtu hapa!" nikapiga kelele. "Kazi ya Mungu? Mungu ndiye aliyekataa kumenya magome? Mungu ndiye aliyesema baadaye? Mwacheni Mungu wa watu, hana shoka, hana lori, hajawahi kufika njia ya mashariki!"

Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Mtani kaanza!"

Wakacheka. Naapa, walicheka! Watu waliokuwa wanalia walishika mbavu. Mnajua wenyewe, mtani ana haki ya kuingia kaburini akazuia maziko mpaka apewe anachodai. Mimi nasema maneno ambayo sijawahi kuyasema kwa ukweli namna hiyo, machozi yananitiririka mpaka kidevuni, nao wananipongeza. "Msukuma hodari!" "Tazama anavyolia!" Sarafu zikaanza kudondoka juu yangu. Nikaziokota nikawarushia, wakacheka zaidi, wakasema huyu mtani ana bei kubwa. Nilisimama kwenye shimo lile la mchanga mwekundu, nikaelewa kwamba kwa watu hawa mtu asiyeamini hayupo. Akisema kweli yake, ni utani. Akinyamaza, ni mchawi.

Mwalimu wa madrasa ndiye aliyeinua mkono. Alikuwa anatabasamu, lakini si sana. "Haya, mtani wa marehemu. Pesa hutaki. Sema unachotaka, maiti isicheleweshwe."

Nikafuta pua. "Nguzo," nikasema.

"Nini?"

"Nguzo za mninga, zilizomenywa, njia yote ya mashariki. Bila hivyo nazikwa mimi humu, yeye mtafutieni pengine."

Vicheko vikaanza tena, lakini havikufika mbali. Nikamwona Bulugu. Alikuwa hacheki. Alikuwa anatazama mikono yake, ile iliyoinua magogo. Akasema kwa ile sauti yake nzito, "Mpeni mtani wake nguzo." Mtu mwingine wa zamu yetu akadaka: "Mpeni nguzo!" Ikawa wimbo, nusu utani, nusu si utani. Karani akawa anamtafsiria Bwana Baadaye kwa kumnong'oneza haraka haraka, na Bwana akawa mwekundu mpaka masikioni. Alijua, na kila mtu alijua, kwamba mtani hatolewi kaburini kwa nguvu.

"Ndiyo," akasema. "Nguzo zitakuja."

"Lini?" nikauliza kutoka shimoni.

"Baa..." Watu wakaangua kicheko ambacho naamini Mzee Kondo angekilipia. Bwana Baadaye akavaa kofia, akaivua. "Kesho," akasema. "Zitaanza kuja kesho."

"Mmesikia nyote, mbele ya maiti," mwalimu akasema, na hakuwa anatabasamu tena. Bulugu akanipa mkono akanivuta nje. Mzee Kondo akalazwa upande wake, akielekezwa kibla, na mimi nikasimama nyuma ya watu.

Nguzo zilikuja. Kesho yake lori moja, siku zilizofuata mengine, mninga mzuri, na hakuna aliyeingia njia ya mashariki mpaka tulipomaliza kuzisimamisha. Na mnajua watu walisema nini? Katekista alisema Mungu amejibu sala. Mwalimu alisema alhamdulillahi, dua ya mjane haipotei. Wazinza walisema marehemu mwenyewe amewatisha wazungu ndotoni. Mimi niliyesimama kaburini na kamasi puani sikutajwa hata na mmoja. Nilimlalamikia Mama Zuhura nilipokwenda kumuaga, alipokuwa anafunga mizigo kurudi pwani na binti yake. Akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona anacheka. "Na wewe ulitaka wakushukuru?" akasema. "Nenda kagonge magogo, mtani."

Asubuhi ya kwanza tuliyoshuka tena, kwenda kuzisimamisha nguzo hizo, nilisimama mwisho wa foleni ya kizimba. Nilijua itafika kwangu na hakuna wa kunijibia. Niliapa moyoni sitasema uongo. Nitanyamaza, watoke, yaishe. Bulugu akaita, "Tuko?" Wakajibu mmoja mmoja, wakigusa vyao. Ikafika. Nikafumba mdomo. Nikasikia watu wanavuta pumzi, na mmoja akaweka mguu nje.

Bulugu akamrudisha ndani kwa kifua chake. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akajibu yeye: "Yuko na wa Kondo." Akapiga kengele.

Basi kuanzia siku hiyo ndivyo nilivyojibu mwenyewe. Niko na wa Kondo. Haukuwa uongo kamili, wala haukuwa ukweli wangu, lakini watu wale walikuwa wamenisaidia kudai nguzo, nao walikuwa wananidai jibu. Na nilipojibu niligusa kibati, kama mlivyoniona. Deusi, njoo ufungue, nimekiweka juu ya meza. Hamna dawa humo, hata ugoro haumo. Mna kile kipande cha gogo la mashariki na gome lake, kimekauka, ukikibonyeza kwa ukucha kinageuka unga. Sikukipeleka kwa Bwana Baadaye. Nguzo zilifika kabla yangu. Nilikigusa kila asubuhi ili nisishuke nikiwa nimesahau kugonga. Mnaita dawa. Mimi naita hasira, nayo imewalinda kuliko mnavyojua.

Daktari amesema kifua changu kimekwisha kazi, na sasa narudi Kishapu kutazama mawingu. Mliniuliza swali, nitalijibu, halafu msiniulize tena, wala msimwulize mwingine mbele ya pilau. Hapana, sitamani. Nimeishi bila, nimefanya kazi bila, nitakufa bila, na karani aliyeniuliza nizikwe upande gani bado namdai radhi. Sitamani imani iwe yangu.

Lakini ya Mzee Kondo, hiyo ndiyo ninayoitamani iwe kweli. Ile ya kwake, pamoja na mlango, na yeye amesimama hapo anapiga chafya, anawaambia kuna Msukuma anakuja nyuma, ni wangu. Natamani hivyo kila siku ya Mungu wenu. Nikikuta patupu, sitashangaa. Nitasikitika kwa ajili yake, maana aliniambia rudi badala ya kukimbia, na mtu wa namna hiyo hakustahili kudanganywa.